Mgeni na Jembe Lake: Upangaji wa Ziara Takatifu ya Miguu kutoka Zombe

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aghalabu methali hii hufafanuliwa darasani kama onyo kwa mgeni mzembe anayekaa akala bila kukumbuka kuondoka. Makala haya yanaichukulia kwa namna nyingine, yaani kama kanuni ya kupangia safari. Msafiri anayezingatiwa hapa ni mtu mmoja, mwenye fedha chache, anayeondoka Zombe, katika Kitui ya Mashariki, kwa nia ya kwenda kwa miguu mahali patakatifu penye asili ya Bara Hindi.

Mahali pa namna hiyo ni pawili, pa karibu na pa mbali. Pa karibu ni Makindu, katika Makueni, penye gurudwara inayojulikana na kila dereva wa barabara ya Nairobi na Mombasa. Pa mbali ni Kedarnath, hekalu la Kihindu lililoko katika milima ya Himalaya, kaskazini mwa India. Hoja ya makala haya ni kwamba safari ya pa karibu ina mafunzo yote ambayo msafiri wa pa mbali atayahitaji, na kwamba funzo la kwanza miongoni mwayo halihusu fedha. Urahisi wa ziara za aina hii hautokani na ubahili wa msafiri. Unatokana na ukarimu wa watu wengine. Kwa hivyo, anayeanza kupanga kwa kuuliza "nitatumia kiasi gani?" ameanzia katikati. Swali la kwanza ni: "nitakula kwa nani, nami nitamfanyia nini?"

Istilahi na mipaka yake

Kabla ya njia, ni vyema kuyapima maneno. Hija ni neno la asili ya Kiarabu, na kwa Mwislamu wa pwani lina maana mahususi: ni safari ya Makka katika mwezi wake, na ni nguzo ya dini. Kwenda kwenye kaburi la walii au mahali pengine penye baraka huitwa ziara. Katika matumizi mapana ya Kiswahili cha leo, hata hivyo, Wakristo na wengineo hulitumia neno hija kwa safari zao pia. Makala haya yanapendelea ziara takatifu, ili kila neno libaki na heshima yake.

Hali kadhalika, si kila jengo la ibada la watu wenye asili ya Bara Hindi ni hekalu la Kihindu. Mhindi ni mtu wa taifa au asili. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Baniani, neno lililotokana na jina la Kigujarati la tabaka la wafanyabiashara, limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya Mhindu. Kalasinga ni mfuasi wa dini ya Usikhi. Inasimuliwa kwamba neno hilo lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa zamani aliyefahamika sana nchini Kenya. Usikhi ni dini yenye misingi yake, iliyoasisiwa na Guru Nanak (1469–1539), na nyumba yake ya ibada ni gurudwara. Mgeni anayefika Makindu akauliza "hekalu la Mabaniani liko wapi?" ataonyeshwa njia bila kelele, lakini atakuwa amewakosea wenyeji wake kabla ya kuvua viatu.

Neno moja la Kisanskriti linafaa kuongezwa hapa. Mahali pa ziara katika Uhindu huitwa tirtha, na maana yake ya asili ni kivuko, mahali pa mto panapovukika. Mwanafunzi wa Kiswahili ataona mara moja jinsi taswira hiyo inavyoafikiana na mazingira ya Ukambani, ambako msafiri atokaye Kitui kwenda Makueni kwa upande wa kusini hana budi kuuvuka mto Athi.

Wala msafiri wa Zombe hatoki mahali pasipojua utakatifu wa vilima. Wakamba wana mathembo, mahali pa kutolea sadaka, na mengi yalikuwa chini ya miti mikubwa, kwenye vilima au karibu na chemchemi. Mashariki mwa mji wa Kitui, upande uleule wa Zombe, lipo jabali la Nzambani, ambalo masimulizi husema kwamba anayelizunguka mara saba hubadilika jinsia. Kwa hivyo, dhana ya kwamba mahali fulani huweza kumbadilisha mtu aliyepaendea kwa miguu si ngeni kwake.

Makindu na chimbuko la jiko lisilo na bei

Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na ziwa Victoria mwaka 1901. Zaidi ya vibarua na mafundi 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini kwa maradhi, ajali na taabu nyinginezo, wakiwemo walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Miongoni mwa mafundi hao walikuwamo Wasikhi wengi: maseremala, wahunzi na waashi. Makindu ilikuwa kituo muhimu katika njia hiyo, na ndipo walipokuwa wakikutana kwa ibada. Gurudwara ilijengwa mwaka 1926, nayo ikapanuliwa na kukarabatiwa katika miongo iliyofuata.

Kila gurudwara ina jiko la jumuiya liitwalo langari. Yeyote anayeingia hupewa chakula bila kuulizwa dini, kabila wala cheo, na walaji huketi sakafuni kwa safu moja, tajiri kando ya maskini. Chakula hicho hakina nyama, ili pasiwe na mtu atakayezuiwa na mwiko wake. Makindu, kwa kuwa iko kando ya barabara kuu, imeifanya desturi hii kuwa huduma ya wasafiri: mtu hula, na anayehitaji kulala hupewa malazi, kisha hutoa mchango kwa hiari yake.

Ni rahisi kudhani kwamba kitu hicho ni cha bure. La hasha. Kimelipiwa na wengine. Mafundisho ya Usikhi humtaka muumini atoe sehemu moja ya kumi ya pato lake, na humtaka pia atoe seva, yaani kazi ya mikono isiyo na ujira: kukatakata mboga, kusukuma chapati, kuosha vyombo, kufagia ua. Sahani anayopewa mgeni imepitia mikononi mwa watu wa namna hiyo. Hapa ndipo methali ya jembe inapopata maana yake kamili. Waswahili walimpa mgeni siku mbili kwanza. Katika gurudwara jembe limewekwa jikoni tangu siku ya kwanza, na mwenyeji mwenyewe ndiye aliyetangulia kulishika.

Njia na maji

Kutoka Zombe, njia iliyo wazi zaidi ni kwenda magharibi hadi mji wa Kitui, kisha kusini kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi, na kumalizia Makindu. Jumla yake ni zaidi ya kilomita 150. Mtu anayetembea kilomita 25 kwa siku atahitaji wiki nzima au zaidi, pamoja na siku moja ya kupumzika. Asiyekuwa na muda huo anaweza kupanda matatu hadi Mutomo na kutembea kuanzia hapo. Ziara haipungui kwa sababu hiyo.

Adui mkuu wa msafiri katika njia hii ni kiu. Historia ya lugha ya Kiswahili yenyewe inao ushahidi. Johann Ludwig Krapf, mmishenari ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, alifika Kitui mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba, na huko ndiko alikouona mlima Kenya kwa mara ya kwanza. Aliporudi mwaka 1851 waliandamana kuelekea mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akabaki peke yake nyikani. Alipofika mtoni alikosa chombo cha kuchukulia maji, akajaza mfuko wa ngozi wa darubini yake na hata mitutu ya bunduki yake. Aliokoka, lakini alipowafikia ndugu za Kivoi alilaumiwa kwa kurudi hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Kisa hiki kina mafunzo mawili: chombo cha maji hutangulia kila kifaa kingine, na anayesafiri katika nchi ya watu hana budi kukumbuka kwamba uhai wake umeshikamana na wa wenyeji wake.

Kwa mwendo wa jua la Ukambani, mtu mzima ahesabu lita nne hadi tano za maji kwa siku. Lita moja ina uzito wa kilo moja. Hivyo basi mzigo wa maji peke yake ni mzito, na vitu vingine vyote vipunguzwe kwa ajili yake. Mito mingi ya Kitui hukauka juu, lakini maji hubaki chini ya mchanga, na wenyeji huyapata kwa kuchimba visima au kwa kujenga mabwawa ya mchanga. Visima hivyo vina wenyewe. Msafiri aombe, asichote tu. Na maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Disemba. Miezi ya Juni hadi Agosti ina ubaridi unaomfaa mtembezi, ingawa maji huwa yamepungua. Katika majira ya mvua, korongo kavu huweza kujaa kwa muda mfupi; maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Mtu anayesafiri peke yake aongeze tahadhari tatu. Kwanza, atembee mchana tu: aanze saa kumi na mbili asubuhi, apumzike kuanzia saa tano hadi saa tisa, na awe amepata pa kulala kabla ya saa kumi na mbili jioni. Maeneo ya kusini yanapakana na hifadhi za wanyama, na ndovu hutoka nje ya mipaka yake. Pili, kila jioni ajitambulishe kwa chifu, mwalimu mkuu au kiongozi wa kanisa au msikiti wa mahali alipofika, na awaarifu jamaa zake kwa simu alipolala na anakokusudia kulala kesho. Tatu, kwenye barabara ya lami atembee upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Aidha, kipande cha mwisho, kutoka Kibwezi hadi Makindu, kiko kwenye barabara kuu yenye malori mengi. Hapo busara ni kupanda matatu. Hakuna thawabu katika kugongwa na lori.

Mifuko mitano

Katika sheria ya Kiislamu hija humwajibikia mwenye uwezo, na uwezo huo huhusisha masurufu ya njiani pamoja na matumizi ya wanaoachwa nyumbani. Usikhi hauilazimishi ziara yoyote. Guru Nanak mwenyewe alifundisha kwamba kuoga katika maji matakatifu hakumsafishi mtu ambaye moyo wake haujasafika. Kwa mizani hizi zote, safari inayowaacha wadogo zake mtu bila karo, au inayofanywa kwa deni, imeharibika kabla ya kuanza.

Fedha zilizopo na zigawanywe katika mifuko mitano. Mfuko wa kwanza ni nauli ya kurudi. Hutengwa kabla ya hatua ya kwanza na hauguswi. Kutoka Kibwezi msafiri anaweza kurudi kwa basi au matatu, na anayekwenda Nairobi au Mombasa anaweza kutumia treni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017. Mfuko wa pili ni chakula na maji ya njiani. Wa tatu ni malazi ya siku zilizo kabla ya Makindu, kwa maana si kila usiku utapata darasa au ukumbi wa kanisa. Wa nne ni dharura ya afya. Wa tano ni sadaka, na huu ndio unaosahaulika. Mwenye fedha kidogo mno anaweza kuujaza kwa kitu badala ya pesa. Kitui inajulikana kwa kilimo cha ndengu, na jiko la gurudwara hupika mchuzi wa jamii ya kunde kila siku. Kilo moja ya ndengu kutoka shamba la nyumbani Zombe ni sadaka yenye maana kamili, na haimwaibishi aliyeitoa.

Kubana matumizi kuna mpaka wake. Rahisi huvunja upishi: viatu dhaifu vilivyonunuliwa kwa bei ya chini humrudisha mtu nyumbani siku ya pili, na safari yote ikawa hasara.

Adabu ya mgeni

Mbele ya gurudwara msafiri huvua viatu, hunawa mikono, na hufunika kichwa kwa kitambaa, awe mwanamume au mwanamke. Tumbaku na pombe haziingii humo. Ukumbini hukaa sakafuni bila kuielekezea miguu Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu ambacho Wasikhi hukiheshimu kama Guru aliye hai. Jikoni hupokea chakula kwa mikono miwili, na huchukua kile tu atakachokimaliza.

Baada ya chakula huja jembe. Msafiri amwendee mhudumu na kumwuliza kwa upole kama ipo kazi. Asisubiri kuombwa, hataombwa. Saa moja ya kuosha sahani ni lugha inayoeleweka na kila mtu mahali pale. Kiswahili kina methali nyingine, baniani mbaya kiatu chake dawa, inayomsema mtu anayemdharau mwingine huku akinufaika na mali yake. Anayekula langari kisha akaondoka akijisifu kwa wenzake kwamba amevumbua hoteli isiyolipiwa ameigeuza methali hiyo kuwa wasifu wake. Kibaya zaidi, amewafungia njia wanaokuja nyuma yake. Ukarimu hudumu kadiri wageni wanavyojua kuutunza, na methali ya tatu inaueleza upande wa pili wa uhusiano huu: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kutoka tambarare hadi kilele

Msafiri aliyefika Makindu na kurudi salama amejipima. Huenda akatamani Kedarnath, hekalu la Shiva lililoko kwenye kimo cha mita 3,583. Kanuni ni zilezile, ila kila kosa lina gharama kubwa zaidi.

Hekalu hilo hufunguliwa kuanzia Aprili au Mei na kufungwa Oktoba au Novemba. Wakati wa theluji ibada huhamishiwa Ukhimath, chini bondeni. Kutoka Delhi watu hufika Haridwar au Rishikesh kwa treni na basi, kisha huendelea kwa gari hadi Sonprayag na Gaurikund. Kutoka Gaurikund njia ya miguu ni kama kilomita 16. Njia ya awali ilikuwa fupi kidogo, lakini mafuriko ya Juni 2013 yaliiharibu sehemu yake na kuua maelfu ya watu. Tangu hapo kujiandikisha kabla ya safari kumekuwa sharti. Msafiri atokaye Kenya huhitaji pia viza, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano iliyochanjwa siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Asiyekuwa nacho huweza kuwekwa karantini.

Mtu wa Zombe, aliyezoea nchi iliyo chini ya mita 1,500, asipande kutoka Gaurikund siku ileile aliyofika. Maradhi ya mwinuko huweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi, na dalili zake ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu na uchovu usio wa kawaida. Dawa ya kwanza ni kutopanda zaidi. Hali ikizidi, ni kushuka. Pale kiu ya Mutomo ilipomfundisha kusimama na kuomba maji, upungufu wa hewa utamfundisha kusimama na kurudi.

Huko nako atakuta dharamshala, nyumba za kulaza wenye kuzuru kwa malipo madogo au kwa hiari, na majiko ya sadaka yanayoendeshwa na waumini. Hatayajua majina yao, lakini atazijua taratibu zao, kwa kuwa alizijifunza Makindu.

Hitimisho

Imebainika kwamba upangaji wa ziara takatifu ya mtu mmoja mwenye fedha chache una sehemu mbili. Ya kwanza ni hesabu: kilomita, lita, siku na mifuko mitano. Ya pili ni deni, ambalo halihesabiki kwa shilingi: maji ya kisima cha mtu, sakafu ya darasa, sahani iliyooshwa na mkono usioujua. Msafiri huitwa wa peke yake kwa sababu hana mwenzake barabarani, ilhali kila usiku amelala kwa fadhila ya mtu. Anayeondoka Zombe na achukue maji ya kutosha, viatu imara na kilo yake ya ndengu. Na atakapofika, kabla ya kuuliza pa kulala, aulize jembe liko wapi.